NBA League Pass kwa wabishi wa mapivo: inasaidia nini katika ubishi wa Jokić na Embiid, ukiitazama ukiwa Lubumbashi

Anayetaka kukata ubishi wa nani anatawala zaidi kati ya mapivo wawili (wachezaji warefu wa karibu na ringi) wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, Nikola Jokić wa Denver na Joel Embiid wa Philadelphia, atasaidiwa sana na NBA League Pass, huduma ya kulipia ya kutazama mechi za ligi hiyo mtandaoni, mradi aitumie kutazama marudio ya mechi nzima. Akiinunua kwa ajili ya vipande vya dakika kumi vya matukio makubwa ya mechi, analipia kitu ambacho chaneli ya NBA ya YouTube inampa bure. Akiinunua kwa ajili ya mechi za moja kwa moja, saa za Lubumbashi zitamchosha kabla mwezi haujaisha. Marudio ndiyo mali ya huduma hii, na tathmini hii inaeleza namna ya kuyatumia, gharama yake ya mega, na pale yanapopungukiwa.

Lubumbashi ina sababu yake ya kulijali suala la mapivo. Bismack Biyombo alizaliwa hapa mwaka 1992, Oscar Tshiebwe akazaliwa hapa mwaka 1999, na wote wawili walijulikana duniani kwa ribaundi (kuudaka mpira uliokosa kikapu) kuliko kwa pointi. Tshiebwe alipokuwa Kentucky msimu wa 2021–22 alichukua ribaundi 15.1 kwa mechi, akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa vyuo vikuu vya Marekani. Biyombo, tarehe 21 Mei 2016, kwenye mechi ya tatu ya fainali ya kanda ya Mashariki, aliichukulia Toronto ribaundi 26 na bloku 4 (mitupo ya wapinzani aliyoizuia). Pointi alifunga 7 tu. Toronto ikaifunga Cleveland ya LeBron James 99–84. Anayepima pivo kwa pointi peke yake ataipita mechi hiyo bila kuona kilichotokea: Cleveland waliacha kuingia katikati, wakabaki kutupa kutoka mbali, na mpira uliokosa haukurudi mikononi mwao.

Kwa hiyo maana ya kutawala ninayoitumia hapa ni hii: pivo anatawala pale timu pinzani inapolazimika kuacha mpango wake kwa sababu yake. Hilo halionekani kwenye jedwali la pointi wala kwenye vipande. Linaonekana kwenye mechi nzima, na ndiyo sababu ya kulipa.

Tuanze na unachonunua. Kuna League Pass ya kawaida na kuna Premium. Mara nyingi kuna pia ya timu moja peke yake. Ya kawaida ina matangazo ya biashara na ni ya kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Premium inaondoa matangazo, inaruhusu vifaa zaidi ya kimoja, na inakubali kupakua mechi kwenye simu ili uitazame bila mtandao. Bei hutofautiana nchi kwa nchi na msimu kwa msimu, basi bei ya kuamini ni ile inayotokea kwenye akaunti yako, si ile anayoisema ndugu yako aliye Brussels. Unaweza kulipa kwa mwezi au kwa mwaka. Malipo ya mwezi hujirudia yenyewe mpaka uyasitishe. Kama ulilipia kupitia duka la programu la simu, utayasitisha ndani ya duka hilo, si kwenye tovuti ya NBA. Hapo ndipo wengi wanakatwa dola za mwezi wa pili bila kutaka. Kadi ya Visa au Mastercard inahitajika. Asiye na akaunti ya benki atumie kadi ya kulipia kabla, aijaze kiasi cha mwezi mmoja tu, na suala la kukatwa tena linakwisha lenyewe.

Kwa ubishi wa mapivo, ningechagua Premium ya mwezi mmoja kuliko ya kawaida ya miezi miwili. Sababu ni kupakua. Mechi nzima kwa ubora wa chini hula kati ya giga moja na nusu na giga mbili. Ukipandisha ubora kuwa HD, hesabu inazidi mara mbili. Mechi nane za kulinganisha, nne za kila mmoja, ni giga 12 hadi 16 kwa ubora wa chini. Kuzitazama kwa mega za simu mchana ni hasara: mtandao ukilegea picha inaganda, unarudisha nyuma, na kila unaporudisha unalipa tena. Ukizipakua kwenye Wi-Fi, au usiku mtandao ukiwa mwepesi, unaweza kurudia shambulizi moja mara kumi bila kulipa chochote, hata umeme ukiwa umekatika, mradi betri imejaa. Acha nafasi ya giga 20 kwenye simu kabla ya kuanza. Programu ikikosa nafasi katikati ya kupakua, mara nyingi huanza upya, na mega ulizotumia zimekwenda.

Kuhusu saa, nitapita haraka. Mechi ya Philadelphia nyumbani ikianza saa moja jioni kwao, Lubumbashi ni saa nane usiku, yaani 02:00 kwenye simu. Mechi ya Denver nyumbani huanza mara nyingi saa 04:00 kwetu. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi Marekani wanasogeza saa, na zote zinakuja saa moja mapema. Mechi chache za Jumapili mchana huangukia kati ya 20:00 na 22:30, na hizo ndizo za kuangalia moja kwa moja pamoja na wenzako. Ratiba zinazosambazwa na kurasa za Kinshasa ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ongeza saa moja. Kabla ya kulala, ingia kwenye mipangilio ya programu uwashe sehemu ya kuficha matokeo, la sivyo asubuhi utaona ushindi kabla ya kuona mchezo, na macho yanayojua mwisho huhesabu vibaya.

Sasa kiini cha jambo. "Yaya, Embiid alimpiga Jokić 47, tunabisha nini tena?" Hilo ndilo jibu la kwanza katika ubishi wowote, na namba ni ya kweli. Tarehe 28 Januari 2023, Philadelphia ilishinda 126–119, Embiid akafunga pointi 47 na ribaundi 18. Jokić alimaliza na pointi 24, ribaundi 8 na asisti 9 (pasi zilizozaa kikapu). Kwenye vipande unaona Embiid akitupa juu ya mikono ya Jokić, mara kumi, mara kumi na tano, na unafunga mjadala. Tazama mechi nzima. Denver iliongoza kipindi cha kwanza, na Jokić alikuwa anaiendesha anavyotaka. Baada ya mapumziko Philadelphia walimtoa Embiid kwenye kazi ya kumkaba Jokić, wakampa P.J. Tucker, mfupi, mzito, mwenye kifua cha kusukumana, na Embiid akabaki nyuma karibu na ringi kusubiri. Hapo mpira ukaanza kumfikia Jokić mbali zaidi na kwa kuchelewa. Hilo linasema mambo mawili kwa wakati mmoja. Linasema Philadelphia ililazimika kubadilisha ulinzi wake wote kwa sababu ya Jokić. Linasema pia kwamba mabadiliko hayo yaliwezekana kwa sababu nyuma ya Tucker alisimama Embiid. Vipande havina hata moja kati ya hayo mawili.

Vipande vinamwonea Embiid pia, kwa upande mwingine. Tarehe 22 Januari 2024 alifunga pointi 70 dhidi ya San Antonio ya pivo Victor Wembanyama. Pointi 21 kati ya hizo zilitoka kwenye mitupo huru, ile anayopewa aliyechezewa faulo, 21 kati ya 23. Wahariri wa vipande hukata mitupo huru kwanza, kwa kuwa haina mvuto. Lakini ukitazama mechi nzima unaona kazi yake: pivo wa pinzani ana faulo mbili mapema, anakaa benchi, anayeingia ni wa pili kwa ubora, naye anaogopa kugusa. Halafu timu pinzani inafika faulo ya tano ya robo, na kuanzia hapo kila faulo, hata ile ya katikati ya uwanja kwa mchezaji mwingine wa Philadelphia, inaleta mitupo miwili. Msimu wa 2022–23, aliochukua tuzo ya mchezaji bora, Embiid alikuwa anapata mitupo huru 11.7 kwa mechi na kufunga asilimia 85.7. Shaquille O'Neal (Shaq), pivo wa zamani wa Lakers, aliitupa mitupo hiyo maisha yake yote akifunga asilimia 52.7, na ndiyo maana timu zilimchezea faulo makusudi. Dhidi ya Embiid mbinu hiyo haina faida yoyote.

Namna ya kuhesabu ni hii. Chukua karatasi, chora safu nne. Safu ya kwanza: pivo ameupokea mpira wapi, mbali kwenye mstari wa pointi tatu, kwenye pembe ya juu ya raketi (eneo lililochorwa mbele ya ringi), au chini karibu na ringi. Safu ya pili: nani alikuja kusaidia kumkaba, na lini, hakuna aliyekuja, alikuja baada ya pivo kudunda mpira, au alikuja mara tu alipoupokea. Safu ya tatu: kilichotokea, yaani kikapu, faulo, pasi iliyoleta mtupo, pasi ya kabla ya pasi iliyoleta mtupo, au mpira kupotea. Safu ya nne: timu imepata pointi ngapi kwenye shambulizi hilo, yeyote aliyezifunga. Mtupo ukikosa na timu ikauchukua tena, shambulizi ni lilelile, usifungue mstari mpya. Mashambulizi 20 kwa mechi yanatosha. Gawanya jumla ya pointi kwa idadi ya mashambulizi. Msimu wa 2023–24 wastani wa ligi ulikuwa karibu pointi 115 kwa mashambulizi 100, maana yake 1.15 kwa shambulizi moja. Pivo ambaye mpira ukimpitia timu inapata 1.25 na zaidi, dhidi ya ulinzi mzuri, huyo anatawala.

Safu ya pili ndiyo yenye maana kuliko zote, na ndiyo ngumu. Inabidi urudishe nyuma sekunde kumi, usitishe, uangalie miguu ya mabeki walio upande wa pili wa uwanja. Beki aliyesogeza mguu mmoja ndani ya raketi kabla mpira haujafika kwa pivo tayari ameacha mtu wake. Kwa Jokić hilo hutokea mapema sana, mara nyingi akiwa bado anatembea kuelekea pembe ya raketi, na pasi yake inaondoka kwenda kwa anayekata nyuma ya beki huyo kabla hujaelewa. Kwa Embiid beki msaidizi huja kwa kuchelewa zaidi, anapoanza kudunda. Embiid wa miaka ya mwanzo alikuwa anaupoteza mpira hapo. Embiid wa 2023 na 2024 alijifunza kuupokea kwenye mstari wa mitupo huru, uso ukielekea ringi, mahali ambapo msaidizi yeyote anamwona anakuja. Hiyo ndiyo iliyompa pointi 34.7 kwa mechi mwaka 2023–24, msimu ambao goti lilimwachia mechi 39 tu.

Makosa ya kuhesabu ni yaleyale kila mara. La kwanza ni kuchagua mechi unazozikumbuka. Unazikumbuka kwa sababu zilikuwa za ajabu, na za ajabu si kipimo. Chagua kwa ratiba: mechi mbili dhidi ya timu yenye pivo mzuri wa ulinzi, mbili dhidi ya timu fupi, na usiingize mechi ambayo pivo wa pinzani alikuwa majeruhi. La pili ni dakika za nyongeza. Jokić alipata pointi 31, ribaundi 21 na asisti 22 dhidi ya Phoenix tarehe 7 Machi 2025, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya, lakini mechi ilikwenda nyongeza. Pointi zake 61 dhidi ya Minnesota, tarehe 1 Aprili 2025, zilikuja kwa nyongeza mbili, na Denver ikafungwa 140–139. Gawanya kila namba kwa dakika alizocheza, kisha zidisha kwa 36. Hapo mnalinganisha vitu vya aina moja. Pointi 70 za Embiid zilikuja kwa dakika karibu 37 bila nyongeza, na hapo ndipo uzito wake unapoonekana.

La tatu ni namba ya kujumlisha na kutoa, ile inayoonyesha timu ilizidi au ilizidiwa kwa pointi ngapi mchezaji akiwa uwanjani. Watu huipiga mezani kama hukumu ya mwisho. Kwa mechi moja haina maana. Inachanganya pivo na wenzake wanne. Itumie kwa njia nyingine: tazama dakika ambazo hayupo. Kawaida ya Denver ni kumchezesha Jokić robo ya kwanza na ya tatu karibu zote, kisha anapumzika mwanzoni mwa robo ya pili na ya nne. Kwenye marudio, robo moja huchukua nusu saa na kidogo, basi vuta mstari hadi karibu dakika ya 35, uangalie Denver bila yeye. Wafungaji walewale waliokuwa wanapokea mpira wakiwa peke yao sasa wanapokea wakiwa na mkono usoni. Kwa Embiid mapumziko yake yamebadilika kocha kwa kocha. Tafuta dakika alizotoka kwenye orodha ya matukio ya mechi, iko ndani ya programu.

Udhaifu mkubwa wa League Pass kwa kazi hii ni kamera. Kamera ya televisheni inafuata mpira. Ulinzi wa pivo mara nyingi unafanyika nyuma ya mpira, nje ya picha, na hapo Jokić na Embiid wote wanapungukiwa ushahidi. Embiid anarudi chini kulinda ringi mwenzake anapokutana na kizuizi, yaani mpinzani aliyesimama kumzibia njia. Jokić mara nyingi anapanda juu hadi usawa wa kizuizi, anategemea mikono yake myepesi kuigusa pasi. Mtazamo wa kwanza unasema Jokić halindi. Ukihesabu utaona analinda mahali pengine, na mtu akishampita, ringi inabaki bila mlinzi wa kuogopesha. Embiid mzima wa afya ni mlinzi bora kuliko yeye. Hapo sina shaka. Kwa Wembanyama kamera inaharibu zaidi. Bloku 3.6 kwa mechi mwaka wa kwanza na 3.8 mwaka wa pili ni zile tu zilizogusa mpira. Mtu aliyeingia raketi, akamwona, akageuka akatoka, haandikwi popote. Kwa pivo wa aina hiyo ongeza safu ya tano: ameingia, ametoka bila kutupa.

Jambo jingine la kujua kabla ya kununua: kuna njia ya bure inayofanya nusu ya kazi hii. Kwenye tovuti ya NBA, sehemu ya takwimu, fungua jedwali la mechi, kisha bonyeza namba yenyewe. Ukibonyeza asisti 9 za Jokić, vinafunguka vipande tisa, kimoja baada ya kingine. Ukibonyeza bloku, ribaundi au mitupo aliyokosa, vilevile. Kila kipande ni sekunde chache, kwa hiyo mega ni kidogo. Faida yake juu ya YouTube ni kubwa: unaona na alichokosa. Kwenye simu jedwali ni pana kuliko kioo, geuza simu ilale, au uiambie kivinjari ifungue ukurasa wa kompyuta. Kinachokosekana ni vizuizi, pasi ya kabla ya pasi, na ulinzi usio na bloku. Mwanafunzi asiye na kadi aanzie hapo, na atakuwa amempita mbishi wa vipande kwa mbali.

Wanaotaka kutazama kundi zima wajue mambo mawili. Programu kwenye runinga yenye Android ndiyo rahisi, lakini inadai mtandao imara. Iliyo salama zaidi ni kompyuta na waya wa HDMI. Waya wa kutoa picha kwenye simu haufanyi kazi kwa simu zote zenye mdomo wa USB-C, ijaribu simu yako kabla ya kuununua. La pili, masharti ya League Pass ni matumizi binafsi. Ukumbi unaotoza kiingilio kwa akaunti ya mtu mmoja unavunja masharti, na akaunti inaweza kufungwa katikati ya mchujo, yaani mechi za mtoano za mwisho wa msimu.

Kwa wazee wanaoingiza mapivo wa zamani, Shaq na Hakeem Olajuwon, kwenye ubishi huu, ghala la mechi za kale lipo lakini ni la kuchagua, si mechi zote, basi usilipe kwa ajili yake. Na anayelinganisha zama ajue kwamba mpaka msimu wa 2001–02 ulinzi wa kanda ulikatazwa. Beki alikuwa amfuate mtu wake au aende wazi kumkaba mwenye mpira. Kusimama katikati bila mtu ilikuwa kosa. Fainali ya mwaka 2000 Shaq alipata pointi 38 na ribaundi 16.7 kwa mechi chini ya sheria hiyo. Mwaka uliofuata Philadelphia ilimleta Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa, mlinzi bora wa ligi mara nne, na bado Shaq akafunga 33 kwa mechi, Lakers wakashinda 4–1. Timu ziliweka mapivo watatu kwenye orodha kwa ajili ya faulo zao tu, sita kwa kila mmoja. Kwa kipimo cha kumlazimisha mpinzani aache mpango wake, simwoni wa leo anayemfikia Shaq wa miaka ile mitatu ya ubingwa. Lakini Jokić anakabiliana na ulinzi wa kanda, na msaidizi anaweza kumsubiri hata ndani ya raketi, mradi asifikishe sekunde tatu bila kumkaba mtu. Ni mtihani tofauti, na yeye ameujibu kwa pasi.

Kati ya wawili wenyewe, hukumu yangu baada ya mechi nzima ni Jokić. Kwa usiku mmoja, Embiid wa kati ya Januari 2023 na Januari 2024 alikuwa juu: alifunga zaidi, alilinda ringi, na walipokutana uso kwa uso alishinda, pamoja na ile mechi ya tarehe 16 Januari 2024 aliyofunga 41 na kutoa asisti 10. Anayemshikilia ana hoja halali. Lakini ubingwa wa 2023 Jokić aliongoza wachezaji wote wa mchujo kwa jumla ya pointi, ribaundi na asisti kwa pamoja, jambo lisilowahi kutokea, akamaliza fainali dhidi ya Miami kwa wastani wa pointi 30.2, ribaundi 14 na asisti 7.2. Msimu wa 2024–25 akawa pivo wa kwanza kumaliza msimu mzima kwa wastani wa tarakimu mbili kwenye vitu vitatu: 29.6, 12.7 na 10.2. Embiid msimu huohuo alicheza mechi 19. Maumivu si kosa lake, na anayemcheka kwa ajili ya magoti hajui mguu wa mtu wa mita 2.13 unabeba nini. Ila mpinzani habadilishi mpango kwa ajili ya mtu aliyevaa suti benchi. Na kwenye mchujo, mahali ambapo timu moja inakusoma mechi saba mfululizo, Embiid hadi mwaka 2025 hakuwahi kufika fainali ya kanda. Mechi ya saba dhidi ya Boston mwaka 2023 alimalizia na pointi 15.

Basi ununue lini? Kwa mwezi mmoja tu, ningeanza katikati ya Machi. Saa zinakuwa zimesogea mapema, mechi za msimu zilizopita ziko zote kwenye marudio, na una wiki nne za kupakua kabla mchujo haujaanza katikati ya Aprili. Anayetaka mchujo wenyewe alipe kuanzia Aprili hadi Juni, miezi miwili au mitatu, na aruke msimu wote wa kawaida. Anayefuata timu moja aangalie kifurushi cha timu, lakini kwa ubishi huu hakifai, kwa kuwa unahitaji mapivo wawili. Unapochagua sauti ya watangazaji, chagua ya timu pinzani ya pivo unayempenda. Watangazaji wa Denver ndio wanaokuambia kocha wao amebadilisha nini ili kumzuia Embiid, na wa Philadelphia ndio wanaolalamika Jokić ameupitisha mpira mahali ambapo hakuna aliyemwona mtu.